Mzee amerudisha redio ndani tangu kijana atoe spika nje, nifanyeje?

MamaKijana_Buru:

Habari zenu watu wangu. Mimi husoma hapa kimya kimya tu lakini leo naomba msaada, na naomba mnisome mpaka mwisho maana hii kitu inaniuma.

Tunaishi Buruburu, mimi na kijana wangu wa miaka 16 na mzee wangu, yaani babangu, ambaye amefika 74. Nyumba ni ya mzee, aliilipa pole pole zile siku akiwa fundi wa mashine Industrial Area. Sasa tangu nikiwa mtoto mzee ana kawaida yake ya Jumapili, akitoka kanisani anakula, anajinyoosha kidogo, halafu kama saa tisa hivi anatoa kiti na redio anaketi hapo kwa veranda inayoangalia korti, ule uwanja wa katikati ya nyumba zetu. Redio yenyewe ni Sanyo ya kaseti, mkono wake ulivunjika akaufunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, antena ilikatika akachomeka waya wa henga ya nguo, na bado inashika stesheni vizuri sana. Ni rumba za kitambo tupu, anaweka Les Wanyika, anaweka Super Mazembe, anaweka Franco, na ikifika Sina Makosa ya Les Wanyika anaongeza sauti kidogo tu, anatingisha mguu mmoja, ule wa kushoto. Sisi tumekua hivo. Watoto wa majirani wamekua hivo, kuna wengine walihama kitambo na wakija kusalimia wanamuuliza mzee bado ile redio iko?

Kijana wangu alinunuliwa spika ya bluetooth na mjomba wake Desemba. Yeye ni arbantone, ule muziki mpya wa vijana wa Nairobi, kutoka asubuhi mpaka jioni na sina shida na hiyo, ni umri wake. Sasa Jumapili moja akatoka na wenzake watatu wakaketi kwa ule ukuta mfupi wa korti, kama mita kumi kutoka kwa mzee, wakaweka ngoma zao. Hakuna aliyegombana na mwingine. Mzee hakusema kitu hata kimoja. Alizima redio, akakunja kiti, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hii ni wiki ya tatu na redio haijatoka. Nikimuuliza ananiambia wacha vijana wafurahi, zamu yetu ilipita. Na hata huko ndani haiwashi, iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Jumapili iliyopita nilitoka kuanika nguo nikaona veranda haina kiti nikasimama hapo na beseni mkononi nikalia, siwadanganyi.

Mimi mwenyewe niko katikati. Mimi ni wa kapuka na genge, zile ngoma za Nairobi za miaka ya 2000, nilikuwa shule ya upili yule rapa E-Sir alipofariki 2003 na siku hiyo bweni zima hakuna aliyekula. Kwa hivo naelewa mtu kupenda ngoma ya wakati wake. Lakini nifanye nini, nimkataze kijana? Nimpatie mzee siku yake na kijana siku yake? Ama kuna njia ya watu wa vizazi tatu kuskiza muziki nje pamoja bila mmoja kuhisi amefukuzwa kwake?

---

Kevo_Donholm:

Pole mama. Mnunulie kijana iafoni za masikioni, kwisha. Kila mtu askie yake.

---

MamaKijana_Buru:

Asante Kevo lakini iafoni anazo tena mbili. Shida si kelele. Shida ni kwamba mzee ameacha kuketi nje.

---

MzeeWaKaloleni:

Binti yangu, nimeisoma habari yako mara mbili. Mimi nina miaka 77, na ningependa nikuambie jambo moja ambalo huenda baba yako halisemi kwa sababu wanaume wa rika letu hatukufundishwa kuyasema.

Nililelewa Kaloleni. Baba yangu alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na alikuwa mtu wa Fundi Konde, yule mwanamuziki wa kale, kwa sababu Fundi Konde alipelekwa mpaka Burma wakati wa vita vya pili kuwatumbuiza askari, na baba alikuwa askari huko. Muziki ule kwake haukuwa wimbo tu, ulikuwa ni wenzake aliowaacha. Jioni anaitoa gramafoni nje anaiweka juu ya stuli mlangoni, na watu wa nyumba za jirani wanatoka na viti vyao. Nyumba zilikuwa ndogo na zina joto, mtu angekaa ndani kufanya nini.

Sasa ikaja twisti. Miaka ya sitini sisi vijana tulikuwa na Daudi Kabaka na John Nzenze, na tulikuwa tunazunguka viuno mpaka suruali zinachanika. Baba yangu alisema huo si muziki, huo ni ugonjwa wa mishipa. Nakumbuka maneno yake hivyo hivyo. Nikaweka santuri ya Kabaka kwa gramafoni yake siku moja bila ruhusa, naye hakunipiga, alichukua kofia yake akaondoka akaenda kutembea hadi usiku. Nilidhani nimeshinda. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba siku hiyo nilimtoa mlangoni kwake.

Nataka pia vijana wanaosoma hapa wajue kwamba huo ugonjwa wa mishipa ulifika mbali, maana mwaka 1968 kikundi cha Waingereza kinaitwa The Tremeloes waliimba Helule Helule ya Kabaka, na ikauzwa sana kwao Uingereza. Nilimweleza baba. Aliniuliza, hao Wazungu wanaielewa? Nikasema hapana. Akasema hata mimi siielewi, lakini iweke niisikie tena. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alikaa chini na muziki wangu.

Kwa hivyo usimkataze kijana. Lakini pia usimwambie mzee "toka nje tu mzee, hakuna shida". Redio yake pale verandani ilikuwa ndiyo salamu yake kwa korti nzima. Mtu hapewi ruhusa ya kusalimu kwake mwenyewe. Mwenye kumwalika ni yule aliyekaa pale ukutani, na ni lazima aende kwake kwa kitu anachokitaka kweli kutoka kwa babu yake, si kwa kuombwa na mama.

---

ShiruGithurai:

Huyu mzee amenimaliza. Shikamoo mzee.

Mama Kijana mimi nataka tu kuongeza kuhusu hiyo ya kuskiza nje. Shosho yangu Githunguri alikuwa anaenda shambani na redio ndogo ya betri mbili, anaifunga na leso kwa tawi la mti wa kahawa, akimaliza mstari mmoja wa kupalilia anaifungua anaifunga kwa mti wa mbele. Joseph Kamaru, yule mwimbaji wa Kikuyu, akiimba anaacha jembe. Hachezi, anasimama tu ameshika mpini. Tulikuwa watoto tunamcheka tukiona kama amelala akiwa amesimama, sai ndio najua alikuwa anaskiza maneno, maana Kamaru ukiweka kama kelele ya nyuma utapoteza kila kitu, ni mafumbo na methali mwanzo mwisho.

Alipoanza kuzeeka tukamhamishia Nairobi akae kwetu, ghorofa ya tatu, tukamnunulia redio kubwa nzuri. Hakuiwasha. Tulidhani hajui kuitumia. Siku moja nikampeleka chini kwa parking nikamwekea kwa simu yangu tu, hii simu ya kawaida, sauti nyembamba kama mbu, na akaanza kuimba. Alikuwa anataka upepo na watu wakipita. Sijui kama inasaidia lakini kuna muziki ambao kwa nyumba unakuwa kama mtu amefungiwa.

---

Fundi_wa_Mashine_254:

Wasee wameongea za roho mimi acha niongee za waya. Nimefunga mashine za muziki za arusi na matanga miaka kumi na nne kutoka Ruai mpaka Ngong na hii kesi yako mama nimeiona mara nyingi sana, na kuna kitu watu hawajui.

Ile Sanyo ya mzee na ile spika ya kijana hazipigani kwa sababu ya vizazi peke yake, zinapigana kwa sababu ya besi, ile sauti nzito ya chini. Skiza rumba vizuri. Utaskia gitaa la solo juu, ridhimu chini yake, waimbaji wawili watatu wamepangana, besi gitaa inatembea pole. Kazi kubwa yote iko katikati na juu. Muziki huo ulitengenezwa ukijua utatoka kwa redio ya spika moja, kwa baa, kwa kinyozi, kwa dirisha la basi. Ndio maana ukiweka Mazembe kwa redio ndogo nje kabisa hakuna ukuta wowote bado unaskia kila gitaa. Sasa arbantone na gengetone na hizi zote za sai zimejengwa juu ya besi na kiki, ile ngoma kubwa ya chini. Ukitoa besi hakuna kitu imebaki. Na besi ukiwa nje inapotea, hakuna kuta za kuirudisha, sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha sauti) kila ukiongeza umbali mara mbili. Kwa hivo kijana anafanya nini? Anaongeza volyumu. Anaskia bado haijashika, anaongeza tena. Si ukaidi, ni fizikia.

Alafu mambo mbaya zaidi, besi ndiyo inasafiri kupita kuta za majirani na kuta za mzee. Maneno yanabaki kwa korti, ile dum dum peke yake ndiyo inaingia ndani. Mzee akifunga mlango haepuki chochote, anapata ngoma bila wimbo. Ebu fikiria wewe mwenyewe kuskizishwa hivo.

Dawa: chukua spika ya kijana iweke chini kwa sakafu ya veranda, kwa kona ambapo kuta mbili zinakutana, sentimita kama kumi kutoka ukutani. Kona inaongeza besi bila kugusa volyumu, utashangaa. Hakikisha tu huo ukuta si wa kugawana na jirani. Alafu watu wakae karibu, mita mbili tatu, si kumi. Mtu akikaa mbali na spika ndio vita inaanza. Na msiwahi kuwasha mbili kwa mpigo, hata nyimbo tamu namna gani, gitaa za mzee zitafunikwa na atahisi amefunikwa yeye.

---

Nesi_wa_Zamu:

Naomba na mimi niongee kwa niaba ya sisi ambao ni jirani. Nafanya kazi usiku, nalala mchana, na kwetu kuna kijana kama huyu wa Mama Kijana na pia kuna mzee ambaye siku hizi haskii vizuri kwa hivo redio yake iko juu kushinda ya vijana. Mapenzi ya muziki ni mazuri lakini nje si kwa mtu mmoja.

Kuna sheria ya kelele ya 2009 ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na kwa sehemu za makazi nje ya nyumba kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Ili mjue hiyo 50 ni ndogo kiasi gani, watu wawili wakiongea kawaida mita moja ni kama 60. Kwa hivo karibu kila redio ya veranda hapa Nairobi imevuka, na sisemi watu wapelekwe kortini, hapana, mimi mwenyewe napenda kuamka jioni nikiskia rumba kwa mbali. Nasema tu ongeeni na majirani mapema. Kwetu tulikubaliana Jumapili saa tisa mpaka saa kumi na mbili, mimi nazipanga zamu zangu nikijua. Tangu tukubaliane sijaamka na hasira hata mara moja, hata kama sauti ni ile ile.

---

Kijana_wa_Umoja:

Mimi niko karibu na umri wa kijana wako, nina 19, na naskia kama hapa hakuna mtu wa upande wetu kwa hivo acheni niseme.

Kwanza mama, huyo kijana hakuwa anamfukuza babu yake. Niko na uhakika. Hakumwona. Sisi tukitoka na spika tunaangalia simu tunaangaliana, mtu mzee kwa veranda ni kama ukuta wa veranda. Ni vibaya lakini si chuki. Pia nje ndio mahali petu pekee, ndani ukiweka ngoma mzazi anasema punguza, shule hairuhusiwi, mathree (matatu) zingine wamezima ngoma, sasa tuende wapi? Hiyo korti ndiyo tuko nayo.

Pili, watu husema hatujui za kitambo na si ukweli. Gengetone ilianza hapa kwetu Umoja, Ethic walipotoa ile yao ya kwanza 2018 nilikuwa shule ya msingi na mamangu alizima TV. Lakini arbantone ni tofauti, ile kitu yote imejengwa na midundo ya kitambo, wanachukua ngoma za kapuka na genge na dancehall za wakati wa kina mama wanaweka maneno mapya juu. Mama Kijana kaa chini na mwanao akuwekee tano hivi, nakuhakikishia kuna moja utaanza kuimba ile ya zamani kabla yeye hajajua. Na ile Kasongo ya Super Mazembe, mwisho wa 2024 Nairobi nzima ilikuwa inaiimba, vijana tupu, iliingia kwa siasa na kwa TikTok lakini ukitoa hiyo yote, ni wimbo wa miaka ya sabini na tunaujua mpaka gitaa. Mwanao anaijua. Muulize.

Na huyo dada wa Githurai ametaja Kamaru. Je, mnajua mjukuu wake ni msanii? Wana jina moja, Joseph Kamaru, kwa muziki anaitwa KMRU. Babu alifariki 2018. Huyu mjukuu anatembea na vifaa anarekodi sauti za nje, ndege, magari, mvua, watu, anazigeuza muziki wa pole pole usio na maneno, na anapiga huko Ulaya kwa ukumbi zinajaa. Na ni yeye amekuwa akitoa upya zile nyimbo za babu yake kwa intaneti watu wazinunue. Nilipojua hiyo nilifikiria sana. Muziki wao haufanani hata kidogo, ukiweka moja kando ya nyingine hutajua ni familia. Lakini hakuziacha nyimbo za babu yake zipotee.

Mimi babu yangu alienda nikiwa na miaka tisa na alikuwa na sanduku limejaa santuri, zikauzwa zote na viti kwa mtu wa mkokoteni. Sijui hata moja iliitwaje. Mwambie huyo kijana hiyo.

---

MzeeWaKaloleni:

Kijana wa Umoja, umesema vyema. Kama bado unazitafuta, nenda Kenyatta Market, kuna kibanda cha santuri pale ndani, na pia Melodica Tom Mboya Street. Uliza jina la mahali babu yako alikotoka na miaka aliyokuwa kijana, wale watu watakuwekea kumi usikilize. Moja utaitambua. Masikio ya mtoto wa miaka tisa hayasahau.

---

Kijana_wa_Umoja:

Naenda Jumamosi. Asante sana mzee.

---

Kevo_Donholm:

Mama samahani kwa ile jibu yangu ya juu. Nimesoma zote nikampigia mzee wangu simu, yuko Bungoma. Nilimuuliza siku hizi anaskiza nini. Tumeongea dakika arobaini na sisi huongea tatu.

---

MamaKijana_Buru:

Nimerudi. Samahani nimechelewa kujibu, wiki ilikuwa ndefu, na nilitaka kwanza Jumapili ipite ndio niwaambie kitu cha kweli.

Jumatano nilikaa na kijana kama mlivyosema. Sikumgombeza. Nilimwambia niwekee ngoma zako. Ya tatu, kabla hata mtu hajaanza kuimba, nikaskia ule mdundo na nikajikuta nimesimama, ilikuwa ni ngoma tulikuwa tunaicheza kwa mathree ya 58 nikienda shule, maneno mapya lakini ni yenyewe kabisa. Nikamwimbia ya zamani juu ya ile mpya, neno kwa neno. Aki alinitazama kama hajawahi niona. Akasema mami kumbe unajua. Tukaenda hivo mpaka saa nne usiku, yeye anaweka, mimi namwambia imetoka wapi, na zingine nilikuwa najua hiyo ya kwetu pia ilikuwa imeokotwa mahali.

Hapo ndio nikamsomea ya Kijana wa Umoja, ile ya sanduku la santuri na mkokoteni. Hakusema kitu. Alienda kulala.

Jumapili baada ya chakula mzee akaingia kwake kama kawaida ya siku hizi. Mimi niko jikoni naosha vyombo naona kijana amepanda kiti anashusha Sanyo kutoka kabatini. Sikumtuma, naapa. Akaitoa kile kitambaa, akaipeleka veranda, akafungua nyuma. Betri zilikuwa zimevuja ule unga mweupe, akakwangua na kisu cha siagi, akaweka zingine. Akachukua kaseti ya juu kwa ile boksi ya mzee, moja imeandikwa kwa kalamu ya mkono wa mzee "Wanyika 3", akabonyeza. Ikaimba labda nusu dakika halafu ikaanza kulia kama paka, redio imekula tepu. Akaanza kuivuta na vidole.

Sasa mlango wa mzee ulifunguka kwa nguvu sijawahi ona. Alitoka na fulana tu, bila viatu. "Usivute! Usivute, utaikata!" Akaketi chini pale pale kwa sakafu ya veranda, miaka 74, akaichukua kaseti kutoka kwa mikono ya kijana pole pole kama anachukua mtoto mchanga, akasema nipe Bic. Kijana akauliza Bic ni nini. Mzee akasema kalamu, kalamu ya pembe sita. Akamwonyesha inaingia kwa lile tundu la meno, unazungusha polepole, unanyoosha tepu na kucha ya kidole gumba ili isijikunje. Halafu akampa azungushe mwenyewe. Walikaa hapo karibu nusu saa wawili wakinyoosha utepe wa kahawia, mzee anamwambia huyu ni Ngereza, huyu wa ridhimu ni Omari Shabani, yeye na wenzake walitoka kwa Simba Wanyika 1978 wakaanza Les Wanyika, na wale Simba wenyewe ni ndugu kutoka Tanga. Kijana anauliza kwani waligombana? Mzee anasema wanamuziki hugombana kama watu wengine.

Wenzake watatu walifika na wakaketi kwa ukuta. Kijana akawaita waje karibu. Fundi, spika iliwekwa kwa kona chini kama ulivyosema, na ni kweli kabisa, sauti iko chini na besi iko. Kijana akamwambia babu, babu wewe weka mbili halafu mimi mbili. Mzee akasema, wewe weka mbili, mimi moja, yangu ni ndefu, kuna sebene, ile sehemu ya gitaa za kucheza. Nesi nilikuwa nimezunguka kwa majirani wote wa korti Jumamosi nikakubaliana nao mpaka saa kumi na mbili, na mmoja akaja na kiti chake. Zile za arbantone mzee hakuzipenda, sitawadanganya, alikuwa anaangalia mbali. Isipokuwa moja, aliuliza huyo kijana anasema nini hapo, na mjukuu wake akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida, na mzee akasema alaa, hiyo ni kama ile ya Kabaka.

Mzee wa Kaloleni, nililia tena lakini tofauti.

Sasa nina ombi lingine. Sanyo inavuta pole, Franco anatoka kama ana usingizi, na kila kaseti ni hivo. Mzee anasema ni mkanda wa ndani umelegea. Kuna mtu anajua fundi ama mahali pa kuupata? Wamesema Jumapili ijayo wanataka Mario ya Franco, na ile haifai kupunguzwa mwendo hata kidogo.

---

Fundi_wa_Mashine_254:

Mzee yuko sawa, ni mkanda. Ule mpira ukikaa miaka unanyooka ama unageuka kama lami, unanata. Usinunue kwa kukisia. Fungua skrubu za nyuma, utaona mpira mweusi mwembamba kwa gurudumu kubwa na dogo la mota, toa, ulaze kwa karatasi upige picha na rula kando. Kama ni lami toa na kitambaa chenye spiriti, usiguse na vidole maana haitoki kwa nguo. Ule wa kale umenyooka kwa hivo mpya unataka mfupi kidogo, kama asilimia tano.

Shuka Luthuli Avenue na hiyo picha, zile duka za ndani si za barabarani, uliza mikanda ya kaseti. Wanakuwa nayo kwa mikebe imechanganywa. Mtume huyo kijana aende na babu yake, wao ndio wanajua inavyofaa kulia. Na mkiwa hapo nunua na roli ya kubana tepu kama ya kwenu imekuwa inang'aa, hiyo ndiyo ilikula Wanyika 3.

---

MamaKijana_Buru:

Inang'aa. Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi ya simu. Wataenda Jumamosi.